Makofi ya Kilalamaji

Ilikuwapo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Makubaliano. Atakayesema kwamba ipo hadi leo, na kwamba yeye mwenyewe kazaliwa humo, hayo ni yake na jirani zake, sisi hatumo. Nchi hiyo ilikuwa na njaa ya hapa na pale, barabara zilizoishia porini na hospitali zenye milango mizuri sana, lakini ugomvi haikuwa nao, kwa sababu kila jambo lilipitishwa kwa makofi.

Hapo zamani walikuwa wakipiga kura kama watu wengine. Ikaonekana kwamba kura zina matatizo, kubwa likiwa kwamba zinahesabika, na kitu kinachohesabika huleta maneno. Ndipo Muasisi wa Taifa akatunga Sheria ya Makofi. Ilikuwa na kifungu kimoja tu ili hata mtoto aielewe: wananchi wakipiga makofi, wamekubali. Ikapelekwa bungeni asubuhi, wabunge wakapiga makofi, na mchana ikaanza kutumika.

Kwa kuwa serikali ilipenda sayansi, kikaundwa chombo kilichoitwa kipimamakofi. Kilikuwa bomba la shaba lenye mdomo mpana na mkono wa kushikia, na ubavuni kilikuwa na kioo kidogo chenye mshale. Mshale ukilala chini kabisa, kioo kilisomeka "Tafakuri", maana yake wananchi wameguswa mno wakakosa nguvu, hivyo suala liletwe tena msimu ujao watakapokuwa wamepata nguvu. Ukiinuka, "Ridhaa". Ukiinuka zaidi, "Ridhaa Kubwa". Na ukigonga mwisho wa kioo ilikuwa "Ridhaa ya Kihistoria", ambayo haikatiwi rufaa wala haizungumzwi tena. Alama ya kukataa ilikuwamo kwenye mchoro wa kwanza, lakini kioo kilitoka kidogo, nayo ikakosa nafasi.

Mshika chombo katika Wilaya ya Mfereji alikuwa Bwana Kasimu Ngwali, mtu wa makamo, mwenye suruali iliyonyooka na tumbo lililozoea kuku wa mikutanoni. Hakuwa mtu mbaya. Katika Makubaliano watu wabaya walikuwa wachache mno. Mambo mengi yalifanywa na watu wa kawaida waliopenda kuwahi nyumbani.

Kazi ya Mpima Makofi ilikuwa nyepesi, ila ilikuwa na neno moja zito. Makofi yakichanganyika na radi, au ngoma ya harusi, au chochote kisicho makofi ya mkutano, Mpima aliruhusiwa kusema "Kelele!" na kipimo kikafutwa palepale. Neno hilo lilikuwamo kwenye kanuni kwa herufi kubwa. Mpima aliyemtangulia Kasimu alilitumia siku moja, alipogundua kwamba makofi yanatoka kwenye kaseti ndani ya gari la mkuu wa wilaya. Akahamishiwa kisiwa chenye mnara wa taa, awe anapima makofi ya mlinzi wa mnara, ambaye alikuwa peke yake na mkono wake mmoja haufanyi kazi. Tangu hapo neno lile likawa linasomwa kwenye mafunzo tu.

*

Kasimu alizaliwa Kilalamaji, bonde la mpunga kando ya Mfereji Mkuu. Mfereji huo ulitoka milimani, ukapita Kilalamaji, ukaenda hadi mji mkuu ambako waliutumia kwa kuogea na kwa picha za kalenda. Kila masika maji yalizidi, na yalipozidi yaliruka tuta na kulala katika majaruba ya Kilalamaji. Yalilala humo wiki kadhaa, yakaacha tope jeusi zuri, kisha yakaenda zake. Watu wakapanda mpunga ndani ya tope lile. Mji mkuu ukabaki mkavu na wala haukujua kwa nini.

Watu wa bonde walikaa juu ya mwinuko, nyumba zao zimebanana huko kana kwamba ardhi imekwisha. Chini, kwenye bonde lote lile pana, hapakuwa hata na banda la kuku. Mgeni aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwamba kule ni kwa maji, wao wanaazima tu.

Waziri wa Makazi na Ustawi wa Matumaini, Mheshimiwa Fikirini Bandua, alipita huko wakati wa kiangazi. Akasimamisha gari, akavua miwani, akaliangalia bonde. Aliona ardhi tambarare isiyo na mti wa kukata wala nyumba ya kubomoa. Akaona pia kwamba wenyeji, ambao ni wazi hawana akili, wameiacha na kwenda kusongamana kilimani. Machozi yakamtoka, akamwambia dereva wake kwamba wazee wetu walikufa bila kujua thamani ya kitu tambarare. Kabla ya kiangazi kwisha mchoro ulikuwa tayari: nyumba mia kadhaa zenye mabaraza yanayotazama mfereji, chini ya Kampuni ya Paa na Ukuta, ambayo mwenyekiti wake alikuwa shemeji wa mtu. Jina la Kilalamaji lilionekana halivutii wanunuzi. Mahali pakaitwa Mji Mpya wa Ukavuni.

Sheria ilitaka mtaalamu asikilizwe. Kingine haikutaka. Akaletwa Dokta Salha Mtenga, mtaalamu wa mazingira, akasimama mbele ya ukumbi wa wizara na ramani yake.

"Waheshimiwa, maji ya masika lazima yapate pa kulala," alisema. "Sasa hivi yanalala Kilalamaji. Mkijenga pale yatalala ndani ya nyumba za watu. Mkiyazuia pale kwa ukuta, yatashuka yote huku mjini kwa mkupuo mmoja."

Waziri aliinua kidole. "Dokta, nisaidie. Maji haya ni ya nchi jirani au ni ya hapa kwetu?"

"Ni ya hapa kwetu, Mheshimiwa."

"Basi yatafuata utaratibu."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi, na Kasimu, aliyeitwa kwa kuwa suala lilikuwa la wilaya yake, akasoma Ridhaa Kubwa. Dokta Salha akaendelea kueleza habari za kambale wanaozaa ndani ya majaruba, za korongo, za vyura wanaokula mbu. Waziri akamhakikishia kwamba vyura watapewa notisi kama wakazi wengine wowote, serikali haibagui. Alipomaliza kusoma, Dokta Salha alikunja ramani yake na kungoja. Hakuna aliyegusa kiganja. Kasimu akatazama mshale uliolala, akatangaza Tafakuri, na ripoti ikapangiwa kusikilizwa tena msimu ambao haukutajwa.

Wakiwa mlangoni mwanamke yule alimuuliza Kasimu, kwa upole kabisa, kama na yeye anatoka huko mferejini, kwa kuwa aliona jina la Ngwali kwenye orodha ya wenye majaruba. Kasimu akasema akina Ngwali ni wengi, akaaga.

*

Mama yake Kasimu, Bi Mashavu, alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba mpunga ukianza kukomaa, ili mtu akae huko kutwa akiamia, yaani akifukuza kwelea. Kwelea ni ndege mdogo, asiyejaza hata kiganja cha mwanamume mnene. Mmoja si kitu. Huja kwa maelfu, wakitua wanakula, wakiinuka wameacha makapi, na familia iliyokuwa na chakula asubuhi jioni haina. Kilalamaji walipambana nao kwa makelele, kwa madebe, kwa kombeo, na zaidi ya vyote kwa makofi.

Bi Mashavu alikuwa na makofi yake. Aliinua mikono juu ya kichwa, akapiga mawili ya haraka na moja zito, akapumzika kidogo, akarudia. Kasimu alipokuwa mdogo aliyasikia makofi yale kutoka shuleni na kujua kwamba mama yu mzima na ana hasira. Hata sasa, akipima makofi ya watu elfu, angeweza kuyachambua humo bila shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukusalimu. Mkutano ni Alhamisi."

"Tumeshasikia. Gari la kipaza sauti limepita likatutishia kuku." Alishuka ngazi taratibu, akajifunga kanga upya. "Na sisi tumeshakaa. Hakuna atakayepiga makofi."

"Hata mmoja?"

"Tutakalia mikono yetu. Wewe utasoma hiyo tafakuri yenu, Waziri atarudi msimu ujao, na msimu ujao ni masika. Aje asimame papa hapa, maji yakimfika kiunoni, aniulize kama nakubali."

Kasimu alicheka kwa sauti. Aliipitia sheria kichwani, kwanza haraka kisha polepole, na hakuona tundu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa ameona watu wakitumia Sheria ya Makofi kuzuia jambo, na watu hao ni mama yake na majirani zake. Alijivuna kidogo.

"Hapo mmewapata, mama."

"Sitaki sifa. Nataka usome kilichopo."

"Nitasoma kilichopo."

"Kasimu."

"Naam, mama."

"Kilichopo."

Akaapa. Mama akampa wali wa mpunga mpya na kambale wa nazi, akala mpaka akafungua mkanda.

*

Alhamisi ilipofika askari walizunguka mashambani tangu asubuhi wakiwashusha watu kwenye madungu, maana mkutano wa Waziri lazima uwe na watu na si haki mwananchi akose maendeleo kwa sababu ya ndege. Mpunga ukabaki peke yake, umeiva, umeinama. Turubai lilifungwa pembeni kabisa ya majaruba ili wapiga picha wapate mandhari.

Kabla ya kupanda jukwaani Waziri alimvuta Kasimu kando na kumshika bega.

"Ngwali, Mpima Mkuu anastaafu. Nimekutaja mahali. Na pale Ukavuni, nyumba ya kwanza, ya kona, nimesema huyu kijana naye anahitaji baraza la kupumzikia." Kasimu alikuwa na mvi, lakini kuitwa kijana na Waziri kulimpendeza. "Sikuombi kitu. Wewe soma tu kilichopo."

Watu wa Kilalamaji waliketi chini, safu kwa safu, wote wamekalia mikono. Ilikuwa ajabu kuwatazama, wazee kwa watoto, mabega yamepanda juu, wameduwaa kama waliokatazwa kujikuna. Bi Mashavu alikaa safu ya mbele.

"Ndugu zangu!" Waziri alianza. "Mimi ni mtoto wa mkulima. Jembe nalijua, nimelifungulia maonyesho mengi!" Akanyamaza apate makofi. Upepo ukapita. "Serikali yenu sikivu imeona isiwaache mkiteseka na tope hili!" Kimya. "Tutawatoa kwenye kilimo tuwaingize kwenye mandhari!" Hata kikohozi hakikusikika.

Jasho likaanza kumtoka Waziri. Alichungulia barabarani kutafuta lori la wapiga makofi wa wizara, na lori halikuwapo, kwa kuwa barabara ya Kilalamaji ilikuwa imekamilika kwenye ripoti tu. Mshale wa Kasimu ulilala chini kabisa. Alijawa na furaha ambayo hakuthubutu kuionyesha.

Ndipo mbingu upande wa mfereji ikatiwa weusi.

Kwelea walizunguka juu ya bonde mara moja, wakaona madungu hayana mtu, wakashuka. Walitua kwenye jaruba la Mzee Shomari kwanza, mpunga ukalala chini kwa uzito wao. Kisha wakamwagikia majaruba mengine. Sauti ya midomo yao ilifika hadi chini ya turubai, mchakacho mdogo usiokoma. Watu walitazama chakula chao cha mwaka kikiliwa mbele ya macho yao na wakaendelea kukalia mikono. Mzee Shomari alilia bila kujifuta, maana angejifuta kwa nini, na mikono ameikalia?

"Nawauliza kwa mara ya mwisho!" Waziri akapaza sauti. "Ndugu wa Kilalamaji, mnakubali?"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alishindwa. Mikono ikamtoka yenyewe. Akapiga, akapiga, akasimama anapiga huku amegeukia shambani, na jirani yake akafuata. Safu za nyuma zote zikainuka.

Bi Mashavu alikuwa wa mwisho. Aliutazama mpunga, akamtazama Waziri, kisha akamtazama mwanawe. Alimtazama vizuri, bila wasiwasi, kama unavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo kabla hamjaunyanyua. Yule pale ni mtoto wa dungu. Neno lipo kwenye kanuni kwa herufi kubwa, na mwenye kulisema ni yeye. Ndipo akainua mikono juu ya kichwa, akapiga mawili ya haraka na moja zito.

"Tunaamia!" Mzee Shomari alipiga kelele. "Tunaamia sisi! Kwelea!" Lakini bendi ilikuwa imeshaelewa kwamba mambo yamekuwa mazuri na ikaanza kupiga tarumbeta.

Mshale ulipanda ukagonga mwisho wa kioo, ukakwama hapo ukitetemeka.

"Mpima!" Waziri aliita. "Soma!"

Kasimu alifungua mdomo. Neno lilikuwapo, alilihisi ulimini, fupi, jepesi, la silabi tatu. Akauona mnara wa taa na mlinzi wake mwenye mkono mmoja mzima. Akaliona baraza la kona. Mama yake alikuwa bado ameinua mikono, anamngoja.

"Ridhaa ya Kihistoria, Mheshimiwa," alisema.

Kwelea waliondoka. Walikuwa wameshakula nusu.

*

Magazeti yaliandika kwamba Kilalamaji waliupokea mradi kwa hisia zisizo na mfano, wengine wakitokwa na machozi. Picha ya Mzee Shomari ilitoka ukurasa wa mbele.

Vyura walipewa notisi. Ilibandikwa kwenye nguzo kando ya majaruba na walipokaa kimya ikahesabiwa wamepokea. Kisha wahandisi wa Paa na Ukuta wakagundua kwamba bonde limezama kidogo, linahitaji kifusi. Kifusi kikatafutwa karibu ili kuokoa mafuta ya malori, na cha karibu kuliko vyote kilikuwa mwinuko wenyewe, ule wenye nyumba za watu. Wakaubomoa mwinuko, wakaumwaga bondeni, na wenyeji wakaambiwa watapanga katika nyumba mpya. Walipomaliza, palipokuwa juu palikuwa chini, na palipokuwa chini palikuwa bado chini. Waziri alikuja akasema sasa ardhi yote imekuwa na usawa, na usawa ndio msingi wa taifa. Makofi yake yalipimwa na mtu mwingine, kwa kuwa Kasimu alikuwa ameshahamia makao makuu akiwa Mpima Mkuu.

Nyumba ya kona alipewa kweli. Akampa mama yake, ambaye sasa hakuwa na mwinuko wala jaruba. Alimpelekea funguo mwenyewe, amezishika kwa mikono miwili kwa adabu.

Bi Mashavu alizipokea. Aliingia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatoka barazani kuutazama mfereji, ambao ulikuwa umenyooshwa na kupakwa chokaa kingoni.

"Mama, nisamehe," Kasimu alisema. "Mshale ulionyesha hivyo. Nilisoma kilichopo."

"Nilikuwa nakutazama, Kasimu. Ulikuwa unayajua makofi yangu."

"Ningefanya nini, mama? Ningepelekwa kisiwani."

"Ningekuja kukutembelea," mama alisema. "Kisiwani kunafikika."

Akamwekea chai. Kasimu alikaa barazani mpaka chai ikapoa bila kuinywa, kwa aibu. Alipoaga, mama alimwitikia kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni wa serikali.

*

Masika yalikuja bila kufuata utaratibu wowote.

Siku ya kwanza redio ya taifa ilitangaza kwamba kuna unyevu Ukavuni. Siku ya pili ilisema unyevu umefika madirishani na wananchi wanaufurahia. Baadaye mji mkuu nao ulipata unyevu kutoka juu hadi sokoni, maana maji yale yaliyokosa pa kulala yaliteremka kuwatafuta walioupigia mradi makofi, na wizara ikahamia ghorofa ya tatu. Hapo ndipo ikaamuliwa Waziri aende kuwapa pole wananchi wa Ukavuni, kutoka juu.

Helikopta iliondoka asubuhi ikiwa na Waziri, wapiga picha, msemaji wa wizara, na Mpima Mkuu na chombo chake magotini. Chini ya kiti kulikuwa na ngazi ya kamba, mpya, ingali ndani ya plastiki ya dukani.

Kasimu alitazama chini. Mfereji haukuonekana. Hapakuwa na mfereji tena wala bonde, palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mapaa mekundu yametokeza safu kwa safu. Juu ya mapaa walikuwapo watu. Wale waliokuwa wamekauka sauti kwa kuita walikuwa wanapiga makofi ili waonekane.

"Unaona?" Waziri alisema, na akawapungia mkono. "Watu wa Kilalamaji hawabadiliki. Hata katika hali hii!"

"Mheshimiwa, tuwashushie ngazi."

"Wakiona ngazi watadhani kuna hatari."

Waliteremka karibu zaidi ili picha zitoke vizuri. Katikati ya maji Kasimu alimwona Mzee Shomari, amesimama juu ya milango miwili iliyofungwa pamoja kwa kanga, anasukuma kwa mti mrefu. Juu ya milango ile walikaa watoto watatu na mwanamke aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi siku ile. Mzee alikuwa akiipeleka milango hiyo kwenye paa la kona, na kila alipokaribia, upepo wa helikopta uliisukuma nyuma, ikayumba, watoto wakashikana. Mlango mmoja ulikuwa umeanza kuzama upande.

Juu ya paa la kona alisimama Bi Mashavu. Maji yalikuwa yamemfika miguuni.

Hakuwa anapunga mkono wala kuita. Alikuwa ameinua mikono juu ya kichwa na uso wake umeelekea helikopta moja kwa moja. Mawili ya haraka, moja zito. Akapumzika kidogo. Mawili ya haraka, moja zito.

Mshale wa kipimamakofi uligonga mwisho wa kioo.

"Soma, Ngwali," Waziri alisema. "Wapiga picha, tayari?"

"Kelele," Kasimu alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akavua vikinga sauti vya masikioni, akasimama mpaka kichwa kikagonga juu, akapiga ukelele hata mishipa ikamtoka shingoni. "Kelele! Kelele, Mheshimiwa! Kipimo kifutwe! Hayo si makofi ya kukubali, na siku ile hayakuwa. Yule ni mama yangu. Mama anaamia! Anafukuza kwelea!"

Waziri alimtazama kwa huruma, kisha akachungulia nje, upande huu na upande ule. Akaitazama mbingu yote, tupu, ya kijivu.

"Kwelea gani, Ngwali?" aliuliza. "Mbona mpunga wenyewe haupo?"

Msemaji wa wizara alicheka, wapiga picha wakacheka, mmoja akapiga makofi kwa namna jibu lilivyomkolea, na wote wakamuunga mkono. Mshale ulitikisika pale ulipokuwa. Kwa mujibu wa sheria, yaliyopigiwa makofi ndiyo yaliyosemwa, na neno la Kasimu halikupigiwa. Waziri akamwambia rubani kwamba wananchi wameridhika, warudi kabla chai haijapoa.

Helikopta ikainuka, ikageuka. Kasimu alibandika uso kwenye kioo cha nyuma, analia kama mtoto, anatazama paa la kona likipungua. Upepo ulipotoka juu ya maji, milango ya Mzee Shomari ilitulia na kuanza kusogea mbele. Bi Mashavu alipiga mara moja ya mwisho. Kisha akashusha mikono, akaifuta kwenye kanga, akainama kuwapokea watoto.